Kuku wa Nyama: Kinga ya Mama Ina Siku Zake

Msafiri anayetoka mjini Rumonge kuelekea Nyanza-Lac kwa barabara ya mwambao hupita Kigwena, mahali ambapo msitu wa asili, michikichi na maji ya Ziwa Tanganyika vinakaribiana. Ni nchi ya mawese, mihogo na ndagala. Hata hivyo ziwa halitoi samaki kwa kipimo kimoja kila mwezi, na mawese nayo yana majira yake. Kwa hiyo nyumba inayotegemea mshahara mmoja, hasa nyumba ya askari au polisi ambaye kazi humweka mbali na jamaa zake, haina budi kutafuta kitu cha kuongezea.

Kuku wa nyama ni miongoni mwa vitu hivyo. Hawahitaji shamba; banda dogo nyuma ya nyumba linatosha. Wala hawahitaji subira ya mwaka mzima. Kifaranga wa siku moja akitunzwa vizuri hufikia uzito wa karibu kilo 2 kwa muda wa wiki sita, na mama wa nyumba akapata ada ya shule ya watoto au bati za kuezekea chumba cha pili.

Lakini mali inayokuja upesi yaweza pia kuondoka upesi. Wafugaji wengi wamepata kuona banda lililojaa uhai siku ya Jumatatu likiwa kimya siku ya Ijumaa. Jambo linalowashangaza zaidi ni kwamba baadhi yao walikuwa wamekwisha kutoa chanjo. Walinunua dawa, wakaitia katika maji, kuku wakanywa, na bado ugonjwa ukapita. Wengine hudhani wameuziwa dawa mbovu, na pengine ni kweli. Lakini mara nyingi chanjo ilikuwa nzima, ila ilitolewa siku isiyofaa. Ili kuielewa siku inayofaa, ni lazima kwanza kumfahamu mama ambaye mfugaji hamwoni kamwe: kuku aliyetaga yai alimotoka kifaranga.

HASARA HUJA WIKI YA NNE

Ni vema kuanza na hesabu ya nyumbani. Kuku mmoja wa nyama hula takriban kilo 3 na nusu hadi 4 za chakula mpaka siku ya kuuzwa. Kuku 100, basi, humaliza magunia 7 au 8 ya kilo 50. Ifikapo mwisho wa wiki ya nne, karibu nusu ya chakula hicho imekwisha kuliwa, mkaa wa kuwapasha vifaranga joto umekwisha kuwa majivu, na hakuna kuku hata mmoja aliyeingiza fedha.

Wakati huo ndio unaopendwa na ugonjwa wa Gumboro. Ugonjwa huu huletwa na virusi, na huwashambulia kwa nguvu zaidi kuku wenye umri wa kati ya wiki tatu na wiki sita. Jina lake ni la mahali paitwapo Gumboro, katika jimbo la Delaware nchini Marekani, ambako ulitambuliwa mwaka 1957. Mtaalamu aitwaye Cosgrove aliueleza katika maandishi mwaka 1962. Katika miaka ya mwisho ya 1980 aina yake iliyo kali kupita kiasi ilizuka Ulaya, kisha ikaenea katika mabara mengine. Afrika Mashariki haikusalimika. Nchini Kenya ulitangazwa mwaka 1991 huko Kwale, katika mwambao wa Bahari ya Hindi.

Dalili zake hazifichiki. Kuku husimama wamejikunyata, manyoya yamesimama, hawataki kula, wanatetemeka. Huharisha kinyesi chepesi cheupe, na wengine hujidonoa sehemu ya haja. Vifo huanza ghafla, hupanda kwa siku tatu au nne, kisha hupungua. Katika muda wa wiki moja balaa limepita. Aliyekufa akipasuliwa, huonekana michirizi ya damu katika nyama ya mapaja na ya kifua.

Pana ugonjwa mwingine wa virusi unaojulikana zaidi vijijini, nao ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Huu huziba pumzi, hupindisha shingo, huleta kinyesi cha kijani, na katika banda lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote. Magonjwa haya mawili ni maadui tofauti, lakini, kama itakavyoonekana, la kwanza humfungulia la pili mlango.

URITHI ULIOMO KATIKA KIINI

Mama yeyote aliyempeleka mtoto kliniki anajua kwamba chanjo ya surua haitolewi siku ya kuzaliwa. Katika nchi zetu mtoto hungoja mpaka afikishe miezi 9. Sababu yake ni kwamba mtoto huzaliwa akiwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Kinga hiyo humlinda kwa miezi kadhaa, lakini vilevile huipiga vita chanjo ikiingizwa mapema. Huwekwa muda ili kinga ya mama ipungue, kisha mtoto afundishwe kujilinda mwenyewe.

Kifaranga naye yuko katika sheria hiyo hiyo, ijapokuwa yeye hakukaa tumboni. Damu ya kuku jike ina chembe za ulinzi ziitwazo kingamwili. Kila moja imetengenezwa kwa ajili ya adui mmoja ambaye mwili umepata kukutana naye, ama kwa kuugua ama kwa kuchanjwa. Yai linapojengwa, sehemu ya kingamwili hizo hutoka katika damu na kuwekwa katika kiini, yaani ile sehemu ya njano. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Felix Klemperer, alionyesha kwamba kuku aliyekingwa dhidi ya sumu ya pepopunda huipitisha kinga yake katika kiini cha mayai yake.

Yai hulaliwa siku 21. Katika siku za mwisho kifaranga hukivuta kiini kilichobaki kikaingia tumboni mwake, na baada ya kuanguliwa huendelea kukitumia kwa siku chache. Chakula na kinga huingia pamoja. Ndiyo maana kifaranga anayepata joto, maji na chakula mapema huanza maisha kwa nguvu, na yule aliyetetemeka kwa baridi njiani huanza akiwa na deni.

Lakini urithi huo hauzai. Mwili wa kifaranga hauwezi kuziongeza kingamwili za mama. Unaweza kuzitumia tu mpaka ziishe. Ni kama akiba ya unga katika nyumba isiyo na shamba. Na mama asiyekuwa na kitu hana cha kurithisha: kuku jike ambaye hakuchanjwa wala hakupata kuugua Gumboro hutaga mayai ambayo vifaranga wake hutoka wakiwa uchi mbele ya ugonjwa huo.

KIFUKO KINACHOLENGWA

Ili kuona kwa nini Gumboro huogopwa kuliko idadi ya vifo vyake, inafaa kujua mahali inapopiga. Karibu na tundu la haja la kuku mchanga kuna kifuko kidogo cha mviringo. Kinaitwa kifuko cha Fabricius, kwa jina la mwanachuoni wa Italia, Hieronymus Fabricius, aliyekieleza. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1621, baada ya kufa kwake. Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kazi ya kifuko hicho.

Jibu lilipatikana kwa bahati katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwanafunzi mmoja, Bruce Glick, alikuwa amewaondolea kuku kadhaa kifuko hicho ili aone kitatokea nini. Mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kufundishia darasa jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili, akawatumia wale wa Glick. Somo likaharibika: wengi wa kuku wasio na kifuko hawakutengeneza kingamwili. Somo lililoharibika likawa ugunduzi. Jarida moja kubwa la sayansi liliikataa makala yao, wakaitoa mwaka 1956 katika jarida la wataalamu wa kuku. Leo madaktari wa binadamu duniani kote hutaja chembe za damu zenye jina la herufi B, na herufi hiyo asili yake ni jina la Kilatini la kifuko hicho cha kuku.

Kwa maneno mengine, kifuko cha Fabricius ni chuo cha mafunzo ya askari wa mwili. Virusi vya Gumboro havishambulii mpaka. Vinakwenda moja kwa moja kukichoma chuo. Kifaranga akipigwa akiwa na umri usiozidi wiki tatu, huenda asionyeshe dalili yoyote. Atakula, atatembea, mfugaji ataona heri. Lakini chuo kimekwisha kuharibika. Siku akipewa chanjo ya kideri, hakuna askari wa kutosha wa kujifunza. Kideri kikiingia, chanjo italaumiwa bure.

HESABU YA SIKU TATU

Swali linalobaki ni hili: urithi wa mama hudumu siku ngapi? Wataalamu wamepima damu ya vifaranga na kuona kwamba, kwa kuku wa nyama, kingamwili za mama dhidi ya Gumboro hupungua kwa nusu kila siku tatu au zaidi kidogo. Kuku wa nyama hukua upesi sana, na urithi wake huisha upesi kuliko wa kuku wa mayai.

Chukua mfano wa kifaranga aliyeanguliwa na mafungu 100 ya kinga. Siku ya 3 atakuwa na 50. Siku ya 6 atakuwa na 25. Siku ya 9 zitabaki 12 na nusu. Siku ya 12 zitabaki 6, na siku ya 15 zitabaki 3 tu. Sasa mtazame mwenzake katika boksi hilo hilo, ambaye mama yake alimrithisha mafungu 25 badala ya 100. Yeye alianza mahali ambapo wa kwanza alifika siku ya 6. Kwa hiyo daima yuko mbele yake kwa siku sita katika safari ya kuishiwa.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Chanjo ya Gumboro inayotiwa katika maji ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ikimkuta kifaranga ambaye kinga ya mama bado ni nyingi, kingamwili hizo huizima chanjo kabla haijamfundisha lolote. Ni sawa na mkufunzi aliyefika langoni akazuiwa na mlinzi asiyemjua. Ikimkuta kifaranga ambaye kinga ya mama ilikwisha siku nyingi, huenda virusi vya kweli vimemtangulia. Siku ile ile, katika banda lile lile, chanjo yaweza kuwa mapema mno kwa kuku mmoja na kuchelewa mno kwa mwingine.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema tena kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Watu hudhani maneno hayo mawili yanapingana. Katika chanjo ya Gumboro yote mawili ni ya kweli kwa pamoja, na mfugaji lazima apite katikati yake. Kila askari anajua kwamba saa ya kupokezana zamu ndiyo saa ambayo lindo ni dhaifu. Wa kwanza amechoka na anaondoka, wa pili hajazoea giza. Kinga ya mama inapoondoka na kinga ya kifaranga mwenyewe haijasimama, hapo ndipo pengo, na pengo hilo haliwezi kufutwa kabisa. Linaweza kufupishwa tu.

KWA NINI CHANJO HURUDIWA

Sasa yafahamika kwa nini ratiba nyingi za Afrika Mashariki hutoa chanjo ya Gumboro mara mbili. Kwa kawaida mfugaji huelekezwa kutoa chanjo ya kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na Gumboro ya pili kati ya siku ya 21 na 28, kwa kadiri ya hali ya mahali. Chanjo ya pili haitolewi kwa sababu ya kwanza ni dhaifu. Ya kwanza huwapata wale walioishiwa mapema. Ya pili huwapata wale ambao siku ya kwanza walikuwa bado wamekingwa na mama. Anayetoa moja na kuacha nyingine ili kubana matumizi amewaacha nusu ya kuku wake nje ya mlango.

Pana pia chanjo za nguvu mbalimbali. Zilizo pole hushindwa upesi na kinga ya mama. Zilizo kali zaidi hupenya hata kinga ya mama ikiwa bado ipo kiasi, lakini zenyewe zaweza kukijeruhi kifuko kile kile kinachokusudiwa kulindwa. Kwa hiyo si busara kuchagua iliyo kali kwa kudhani ukali ndio ubora. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, anayejua kama Gumboro kali imo katika eneo.

Mashamba makubwa hupima damu ya vifaranga kadhaa katika siku za kwanza, kisha hutumia kanuni iitwayo ya Deventer, kutoka Uholanzi, kukadiria siku ya kuchanja. Nyumba yenye kuku 100 haiwezi kubeba gharama hiyo. Lakini inaweza kufanya jambo jingine lisilo na gharama yoyote, nalo ni kuuliza.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Mnunuzi wa kitenge huuliza kama kinachuja. Mnunuzi wa vifaranga naye asione haya. Swali la kwanza: je, kuku wazazi walichanjwa Gumboro na kideri? Wazalishaji waangalifu huwachanja kuku wazazi, na kabla hawajaanza kutaga huwapa chanjo ya mwisho iliyouawa na kuchanganywa na mafuta, ili kila yai lipate urithi mkubwa tena ulio sawa. Swali la pili: je, vifaranga hawa wote wametoka katika kundi moja la wazazi? Swali la tatu: je, wamekwisha kuchanjwa chochote huko walikoanguliwa?

Swali la pili hudharauliwa, lakini huenda ndilo kubwa kuliko yote. Mtu akinunua vifaranga 50 Bujumbura na 50 kwa mchuuzi mwingine, akawachanganya katika banda moja, atakuwa na akiba mbili za kinga zisizofanana, na hakuna siku moja ya chanjo itakayowafaa wote. Heri vifaranga 60 wa mama mmoja kuliko 100 wa mama wasiojulikana.

Hali kadhalika, kuku wa kienyeji wasichanganywe na wa nyama. Kuku wa kienyeji huzunguka nyumba kwa nyumba, na anaweza kubeba virusi bila kuonekana mgonjwa. Wao nao wana haki ya kuchanjwa. Kwa kideri ipo chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, nayo hutengenezwa pia Tanzania. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine na hutolewa kwa tone moja la jicho, jambo linaloifaa sana nchi ya joto kama mwambao wa ziwa.

SIKU YA CHANJO

Siku ikishachaguliwa vizuri, kazi yaweza kuharibika kwa mambo madogo. Chanjo hai huuawa na joto. Itunzwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na isafirishwe katika chupa ya chai yenye barafu au sanduku la baridi. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni mwendo wa kilometa zipatazo 75, na bado safari ya Kigwena iko mbele. Chanjo iliyowekwa juu ya dashibodi ya gari kwa safari hiyo si chanjo tena.

Kazi ifanywe alfajiri, kabla ya jua kupanda. Vyombo vya maji vioshwe kwa maji matupu, bila sabuni wala dawa, kwa kuwa masalio yake huua chanjo. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yana hatari hiyo hiyo. Hutengenezwa kwa kutia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 na nusu kwa kila lita, karibu kijiko kimoja cha chai, kisha kungoja kidogo kabla ya kutia chanjo. Maji ya ziwa yasichotwe tu na kutumiwa. Yakilazimu kutumika, yachujwe, yachemshwe na kupozwa kabisa.

Kuku waondolewe maji kwa saa moja, au mbili siku ikiwa baridi, ili wawe na kiu. Kipimo kinachojulikana ni kwamba kuku 1000 hupewa lita zilizo sawa na siku za umri wao. Kuku 100 wa siku 14, basi, huhitaji lita 1 na nusu hivi, na kidogo zaidi wakati wa joto. Vyombo viwe vingi ili wanyonge nao wapate nafasi, kwani kuku asiyekunywa hakuchanjwa. Maji yote yamalizike kwa muda wa saa mbili.

Kwa kuwa kichupa kikishafunguliwa hakiwekwi akiba, na vichupa vingi ni vya dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, ni jambo la maana kina mama majirani washirikiane. Wanunue vifaranga siku moja, mahali pamoja, na kichupa kimoja kiwatoshe wote. Ila kila mmoja awahudumie kuku wake mwenyewe. Mtu anayetoka banda hili kwenda lile na viatu vile vile anaweza kubeba ugonjwa katika mkono ule ule unaobeba kinga.

ADUI ANAYEKAA BANDANI

Chanjo peke yake haitoshi, kwa sababu virusi vya Gumboro ni vigumu kuliko vya kideri. Virusi vya kideri vina gamba la mafuta, na sabuni, joto na jua huvimaliza. Virusi vya Gumboro havina gamba hilo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1967 ulionyesha kwamba vinaweza kukaa katika banda kwa siku 122 baada ya kuku wagonjwa kuondolewa, na katika chakula, maji na kinyesi kwa siku 52. Maana yake ni kwamba anayeuza kuku Jumamosi na kuingiza vifaranga Jumatatu, juu ya maranda yale yale, amewapokea wageni katika kitanda cha mgonjwa.

Kwa hiyo kuku wakitoka, maranda yote yatolewe na kuchimbiwa mbali au kuchomwa. Banda lisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka uchafu uishe, kwani dawa haiui kirusi kilichojificha chini ya kinyesi. Ndipo ipakwe dawa aliyoielekeza mtaalamu, na banda likae tupu wiki mbili au zaidi. Viatu vya bandani viwe vya bandani tu. Baba anayerudi likizo na buti za kazi, akitamani kuona kuku walivyokua, naye avue buti mlangoni.

Ugonjwa ukiingia pamoja na tahadhari zote, mfugaji asikimbilie vidonge. Hakuna dawa inayoua virusi vya Gumboro. Dawa za bakteria husaidia tu pale ambapo ugonjwa mwingine umepanda juu yake, na hilo huamuliwa na daktari wa mifugo. Kuku wapewe maji safi kwa wingi, joto la kutosha na utulivu. Waliokufa wachimbiwe shimo refu siku ile ile. Wasitupwe ziwani wala kupewa mbwa. Na walio wagonjwa wasikimbizwe sokoni. Fedha chache zinazookolewa hivyo hulipwa na jirani, na kesho jirani huyo huyo ndiye atakayekurudishia virusi.

DAFTARI LA BANDANI

Askari akipokea lindo huandika saa aliyolipokea na hali aliyoikuta. Banda nalo linastahili daftari. Iandikwe tarehe vifaranga walipoingia, walikotoka, jibu la muuzaji kuhusu kuku wazazi, siku ya kila chanjo, na idadi ya waliokufa kila siku. Mama wa nyumba akilionyesha daftari hilo kwa daktari wa mifugo, katika dakika chache ataelezwa kama chanjo yake ilitangulia au ilichelewa, na kundi linalofuata litapata siku iliyo bora zaidi.

Mama aliyetaga yai amekwisha kufanya kazi yake: alitoa alichokuwa nacho na kukifunga ndani ya kiini. Zawadi hiyo hudumu wiki mbili, pengine tatu. Baada ya hapo hakuna wa kumlinda kifaranga isipokuwa mwenye banda, na mwenye banda anahitaji kujua leo ni siku ya ngapi.